Emin Pasha, Baba wa Ferida

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mwa. 16, Mwa. 21:1–21, Mwa. 35:16–20, 1 Sam. 2:12–26, Luka 1:5–25, 1 Tim. 5:8.

Kila aliyesoma historia ya Bukoba amelikuta jina la Emin Pasha. Ndiye aliyeweka boma la Wajerumani kwenye ghuba ya Bukoba mwezi Novemba 1890, na kutoka kwenye boma hilo mji ukaanza kukua. Wengi huishia hapo. Katika vitabu vya shule yeye ni daktari, gavana, msafiri, mtu wa kukusanya ndege na mimea. Wachache hukumbuka kwamba siku alipofika Bukoba alikuwa pia baba wa mtoto mdogo wa kike, Ferida, aliyempata akiwa amekwisha kupita miaka 40, na kwamba alikuwa amemwacha mtoto huyo Bagamoyo, upande wa pili wa nchi.

Katika Bukoba na Muleba baba wa namna hiyo si mgeni. Yupo mvuvi aliyemaliza ujana wake visiwani, akihama na dagaa na sangara kutoka mwalo hadi mwalo. Yupo mtumishi wa serikali aliyehamishwa kila baada ya miaka michache, na kila kituo kikamletea uchumba usiofika mwisho. Yupo mjane wa kiume ambaye watoto hawakujaliwa katika ndoa ya kwanza. Shangazi zake humuuliza kibanja kitaachiwa nani, naye hucheka na kubadilisha mazungumzo. Kisha siku moja, akiwa na mvi, anaposa, na baada ya mwaka kuna kichanga ndani ya nyumba. Watu hupiga vigelegele. Lakini mtu aliyezoea kufunga mzigo na kuondoka kwa miaka 25 hajifunzi kubaki nyumbani kwa sababu tu kitanda cha mtoto kimewekwa.

Biblia inao baba kama hao. Ibrahimu alikuwa na miaka 86 alipozaliwa Ishmaeli na miaka 100 alipozaliwa Isaka. Zakaria alikuwa mzee hata akashindwa kuamini habari aliyoletewa hekaluni. Emin hakuwa mmoja wa watu wa imani: alizaliwa Myahudi, akabatizwa Mlutheri, akaishi miaka mingi kwa jina la Kiislamu. Maisha yake yanasomwa hapa kwa sababu jambo lililomkuta ni lile lile linalowakuta wanaume wengi, na kwa sababu alipita katika njia na maji ambayo wasomaji wa Kagera wanayafahamu.

JUMAPILI

Mtu wa Kuondoka

Alizaliwa tarehe 28 Machi 1840 katika mji wa Oppeln, Silesia, ambao wakati huo ulikuwa chini ya Prussia na leo ni Opole nchini Poland. Jina lake lilikuwa Eduard Schnitzer. Baba yake, mfanyabiashara Myahudi, alifariki mwaka 1845, mtoto akiwa na miaka mitano. Mama yake aliolewa tena na Mkristo, na watoto wakabatizwa. Familia iliishi katika mji wa Neisse. Ni vema kukumbuka jina la mji huo, kwa maana linarudi mwishoni.

Schnitzer alisoma udaktari Breslau, Königsberg na Berlin, akahitimu mwaka 1864. Hata hivyo hakupata idhini ya kutibu katika nchi yake. Akaondoka kwenda kwa Waturuki kutafuta kazi. Alikuwa na umri wa miaka 24. Alifanya kazi ya uganga wa bandari huko Antivari, kwenye pwani ya Adriatiki, kazi ya kukagua meli na kuwaweka karantini abiria wenye ugonjwa. Huko alijifunza lugha nyingi kwa wepesi wa ajabu. Tangu mwaka 1870 akawa katika nyumba ya Ismail Hakki Pasha, gavana wa Kituruki, akawa daktari wake na mtu wake wa karibu.

Hapo ndipo mambo yake ya nyumbani yanapoanza kuonekana. Pasha alifariki mwaka 1873, akaacha mjane na watoto. Schnitzer hakuondoka, alibaki na familia hiyo. Mwaka 1875 aliwachukua wote, mjane na watoto, akawapeleka kwa ndugu zake Neisse, naye akawatambulisha kama mke wake na watoto wake. Unaweza kuwaza jinsi mji mdogo ule ulivyotazama. Kijana wao aliyepotea miaka 11 amerudi akiwa na miaka 35, ana mke kutoka Uturuki na watoto nyuma yake.

Mwezi Septemba mwaka ule ule akatoweka. Aliwaacha mjane na watoto mikononi mwa ndugu zake mwenyewe. Habari zake zilipoonekana tena, zilitoka Misri, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa Khartoum, Sudani. Hakukanyaga Ulaya tena mpaka kufa.

Walio na huruma watasema kwamba hakuwa na fedha za kulisha kaya kubwa kiasi hicho, na huenda ni kweli. Lakini mwanaume akishawaambia wazee wake kwamba huyu ni mke wangu na hawa ni watoto wangu, ukosefu wa fedha si sababu ya kutoka usiku. Kwa Wahaya, kama kwa makabila mengi, mtu hapeleki mwanamke kwa wazazi wake kwa mchezo. Akishampeleka, neno limeshatoka, na ukoo wote ni shahidi.

Soma 1 Tim. 5:8. Mtume anaandika kwa ukali usio wa kawaida. Kwa nini anaweka jambo la kutunza watu wa nyumbani karibu sana na jambo la imani yenyewe?

JUMATATU

Mtoto wa Wadelai

Khartoum alijiita Mehemet Emin. Neno Emin ni lile lile Amin la Kiarabu, na msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa, kwa maana kutoka katika mzizi huo huo yametoka amini, imani, mwaminifu na amana. Mtu aliyetoka kuiacha kaya Neisse alijichagulia jina la mwaminifu. Historia ina mizaha yake.

Mwaka 1876 Charles Gordon, Mwingereza aliyekuwa akitawala jimbo la Ikweta kwa niaba ya Khedive wa Misri, alimwita awe mganga mkuu wa jimbo. Makao yalikuwa Lado, kwenye mto Nile, katika nchi ambayo sasa ni Sudani Kusini. Gordon alimtuma kwa Kabaka Mutesa wa Buganda na kwa Kabarega wa Bunyoro. Mwaka 1878 Emin mwenyewe akafanywa gavana wa jimbo.

Katika kazi hiyo alionekana mtu mwingine kabisa. Alikuwa mpole, mwenye utaratibu, mwenye kuandika kila kitu. Aliandika hali ya hewa, aliandika majina ya miti, alichuna ndege na kuwahifadhi ngozi, akazipeleka kwenye majumba ya makumbusho ya Ulaya. Macho yake yalikuwa mabovu sana hata alilazimika kukisogeza kitu karibu na uso ili akione, na bado alitofautisha ndege wadogo ambao mwenye macho mazima angesema wote ni shomoro. Viumbe kadhaa vya Afrika Mashariki bado vina jina lake katika vitabu vya elimu ya wanyama.

Huko Ikweta alimchukua mwanamke wa Kihabeshi kuwa mke wake. Haikuwa posa ya barua na washenga. Ilikuwa nyumba iliyojengwa mbali na ukoo wa pande zote mbili, bila shangazi wa kuuliza wala mjomba wa kushuhudia. Wakapata binti, Ferida. Baba alikuwa amepita miaka 40. Kisha mama akafariki mtoto angali mdogo.

Inafaa kusimama hapa kidogo na kuusoma Mwa. 35:16–20. Yakobo alimzika Raheli njiani, akaendelea na safari akiwa na mtoto mchanga mikononi mwa watumishi. Biblia haielezi usiku wa kwanza ulikuwaje katika hema ile. Wanaume waliofiwa na wake zao wakiwa na watoto wadogo wanaufahamu: nani atampikia mtoto uji, nani ataamka akilia, nani atamsuka nywele. Yakobo alikuwa na jamaa nzima ya wanawake katika kambi yake. Emin alikuwa na jimbo lililokuwa likibomoka.

Kwa maana katika miaka hiyo hiyo vita vya Mahdi vilikuwa vimeikata Ikweta na Misri. Tangu mwaka 1883 hakukuwa na meli kutoka Khartoum, wala mishahara, wala risasi. Mwaka 1885 Khartoum ikaanguka na Gordon akauawa. Emin alirudi nyuma kusini pamoja na askari wake na jamaa zao, akaweka makao Wadelai, karibu na Ziwa Albert. Nguo zilipokwisha walifuma zao wenyewe kwa pamba ya huko. Katika mazingira hayo Ferida alijifunza kutembea na kusema. Dunia aliyoijua ilikuwa mto, askari wa Kisudani na jamaa zao, na baba aliyeshika kitabu karibu na pua.

Mwanaume anayempata mtoto akiwa na miaka 22 mara nyingi hukua pamoja na mtoto wake. Anayempata baada ya 40 huwa tayari ana tabia zake, saa zake, viti vyake ambavyo hapendi viguswe. Emin alikuwa na meza iliyojaa ngozi za ndege na karatasi ambazo upepo ungeweza kuzichukua. Mtoto katika nyumba ya namna hiyo anahitaji nafasi, na mtu mzima ndiye wa kusogea.

JUMANNE

Njia ya Karagwe

Ulaya ilisikia habari za gavana aliyesahauliwa, hasa baada ya msafiri Wilhelm Junker kuondoka kwake mwaka 1886. Henry Morton Stanley akatumwa kumwokoa. Alipita kwenye msitu wa Kongo kwa mateso makubwa, akakutana na Emin kando ya Ziwa Albert mwishoni mwa Aprili 1888. Emin hakuwa na haraka ya kuokolewa. Aliwaonea huruma watu wake, akasitasita, na mwezi Agosti mwaka huo sehemu ya askari wake wakaasi, wakamfunga huko Dufile. Alipoachiliwa, jimbo halikuwa lake tena.

Tarehe 10 Aprili 1889 msafara uliondoka kwenda pwani: watu takriban 1,500, wapagazi, askari, Wamisri na Wasudani pamoja na wake zao, wazee, wagonjwa, watoto. Ferida alikuwa miongoni mwa watoto hao, akibebwa. Kuna baba wengi katika historia ya Afrika Mashariki waliotembea na watoto mwendo mrefu, na wengi wao hakuna aliyeandika majina yao. Katika msafara huo karibu nusu ya watu waliotoka na Emin hawakuiona bahari. Walianguka kwa homa, vidonda, njaa na uchovu, au walibaki nyuma vijijini.

Msomaji wa Kagera aitazame ramani. Kutoka kusini mwa Ziwa Albert msafara ulipita chini ya milima ya Ruwenzori, ukaingia Ankole, na mwezi Julai ukavuka mto Kagera kuingia Karagwe. Kisha ukashuka kusini, nyuma ya nchi za Wahaya, hadi kwenye kona ya kusini-magharibi ya Ziwa Viktoria. Kwa hiyo Ferida aliiona nchi ambayo leo ni Mkoa wa Kagera kabla baba yake hajafikiria kujenga chochote Bukoba. Aliyeshuka kwa basi kutoka Kyaka kuelekea Biharamulo anajua vilima vile, upepo wake wa asubuhi na ukungu mabondeni. Mtoto aliyekulia kwenye joto la Nile bila shaka aliona baridi.

Mwisho wa Agosti walifika Usambiro, kusini mwa ziwa, kwenye kituo cha misheni cha Alexander Mackay, Mskoti aliyekuwa amefukuzwa Buganda. Walipumzika huko wiki kama tatu. Mackay alikuwa fundi. Alichapa vitabu na kujenga mashua kwa mikono yake. Hakuwahi kuoa. Miezi michache baada ya wageni kuondoka, Februari 1890, alikufa kwa malaria akiwa na miaka 40. Wanaume wawili wenye elimu, wapweke, walikaa meza moja: mmoja hakuwa na mtoto, mwingine alikuwa na mmoja tu, naye alikuwa akicheza nje.

Kwa miezi minane hiyo Emin alikuwa baba kwa maana iliyo rahisi kuliko zote. Alikuwepo. Mtoto alipoamka asubuhi baba alikuwa katika kambi ile ile, na jioni mzigo wa mtoto uliwekwa karibu na mzigo wake. Katika maisha yake yote ya utu uzima hakuna kipindi kingine ambacho inaweza kusemwa kwa uhakika kwamba alikwenda upande ule ule pamoja na mtu aliyemtegemea, kuanzia mwanzo wa njia hadi mwisho.

Soma Luka 1:5–25. Zakaria alimaliza siku za huduma yake hekaluni, kisha akarudi nyumbani kwake. Jambo hilo dogo lina uzito gani katika habari nzima ya kuzaliwa kwa Yohana?

JUMATANO

Dirisha la Bagamoyo

Waliingia Bagamoyo tarehe 4 Desemba 1889. Jioni hiyo Wajerumani waliwafanyia karamu kubwa. Kulikuwa na hotuba na mvinyo, na muziki uliopigwa chini barabarani. Emin alifurahi. Katikati ya furaha hiyo aliinuka, akaenda kwenye dirisha la ghorofani, na kwa macho yake mabovu akadhani ni mlango wa baraza. Akaanguka hadi chini. Alichukuliwa akiwa hana fahamu, kichwa kimeumia vibaya.

Stanley aliendelea na safari kwenda Unguja na Ulaya. Emin alibaki hospitalini Bagamoyo wiki nyingi. Baba mwenye umri wa miaka 49, fuvu limepasuka, na mtoto wake mdogo katika mji mgeni ambao haujui lugha ya Nile: hapo ndipo mtu mzima huanza kuhesabu. Ni nani atakayemlea huyu nikifa? Baba kijana huweza kuahirisha swali hilo. Baba aliyechelewa hana nafasi hiyo, na Emin alilipata swali hilo akiwa amelazwa.

Alipona. Akawa mbele yake na njia kadhaa. Angeweza kurudi Ulaya na binti yake, akiwa mtu maarufu ambaye magazeti yote yalikuwa yakimwandika. Angeweza kukaa pwani, kwenye hospitali au ofisi, na kuendelea na ndege wake. Aliingia katika utumishi wa Ujerumani, na tarehe 26 Aprili 1890 akaondoka Bagamoyo kwenda bara tena, akiongoza msafara. Ferida akabaki Bagamoyo.

Si haki kumhukumu kwa wepesi. Njia aliyotoka ilikuwa imeua watu kwa mamia, na baba mwenye akili asingemrudisha mtoto kwenye njia hiyo hiyo baada ya miezi minne. Kumwacha kunaweza kuwa ni kumlinda. Hata leo wapo baba wengi wa Muleba wanaofanya kazi migodini Geita au Mwanza mjini huku watoto wakilelewa na bibi yao, na fedha za ada hufika kila muhula bila kukosa. Watoto hao hawakutelekezwa. Tofauti iko katika jambo ambalo baba anajua moyoni mwake kabla ya mtu mwingine yeyote: kama anaondoka kwa ajili ya mtoto, au kama mtoto amekuwa sababu ya heshima ya kuondoka alikokutaka tangu zamani.

Mwa. 21 inasimulia kuondoka kwa namna nyingine. Ibrahimu aliamka asubuhi na mapema, akampa Hajiri mkate na kiriba cha maji, akawaruhusu waende, yeye na mtoto. Kabla ya hapo maandiko yanasema wazi kwamba jambo hilo lilimwia zito sana kwa ajili ya mwanawe. Biblia haimfichi baba wa imani. Inaonyesha kiriba kilivyokwisha maji na mtoto alivyowekwa chini ya kichaka. Aliyemsikia mtoto siku ile hakuwa baba yake.

ALHAMISI

Boma Bukoba

Msafara ulipita Tabora, ambako Emin alipandisha bendera ya Ujerumani, ukafika Ziwa Viktoria. Pamoja naye walikuwepo Franz Stuhlmann, mwanasayansi kijana, na afisa Wilhelm Langheld. Anayetoka kusini mwa ziwa kwa maji kwenda Bukoba huiacha Ihangiro upande wa kushoto, nchi ambayo leo ni Wilaya ya Muleba, na visiwa vyake, ukiwemo Bumbiire ambako Stanley alipigana na wenyeji mwaka 1875. Mbele yake ni Kianja, Kyamutwara na Bugabo, kisha Kiziba kaskazini. Zote zilikuwa falme za Wahaya zenye watawala wao, mahakama zao na ugomvi wao, na hakuna aliyezihitaji ziwe za Wajerumani isipokuwa Wajerumani.

Novemba 1890 Emin alichagua mahali kwenye ghuba, akajenga boma. Mkataba kati ya Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai mwaka huo ulikuwa umeweka mpaka kwenye nyuzi 1 kusini ya ikweta, magharibi mwa ziwa. Bukoba iko kusini kidogo tu ya mstari huo, na ndiyo sababu watu wake leo ni Watanzania.

Mtu mwenye umri wa miaka 50 aliyekuwa akisimamisha nyumba Bukoba alikuwa amezungukwa na vibanja. Kibanja cha Mhaya kinafundisha bila maneno. Migomba inasimama kuizunguka nyumba, kahawa chini yake, maharage katikati, na pembeni kaburi la babu. Baba anakipokea kutoka kwa baba yake, anakitilia mbolea, anakata majani makavu, na mtoto anakua akijua mgomba upi ulipandwa lini. Baba aliyezaa akiwa mzee huanza kupanda mapema miti ambayo hataila matunda yake kwa muda mrefu. Hiyo ndiyo hesabu yake. Emin, aliyependa mimea kuliko karibu kitu chochote, alikuwa mahali bora kabisa pa kujifunza hesabu hiyo. Angeweza kutuma watu pwani. Langheld na wengine waliomfuata walikaa Bukoba miaka.

Emin alikaa miezi michache. Februari 1891 aliondoka Bukoba kuelekea Karagwe, kwenye njia ile ile aliyopita na Ferida, sasa akienda kinyume. Alivuka mpaka kuingia upande wa Waingereza bila ruhusa, akaelekea Ziwa Albert kuwatafuta askari wake wa zamani. Wakuu wake pwani walimtaka arudi, hakurudi. Askari wale walikataa kumfuata. Baadaye mwaka huo Frederick Lugard akawachukua kwenda Uganda, na kutokana nao wametokea wengi wa Wanubi wa Uganda na Kenya, hata wale wa Kibera. Emin alikwenda kuwatafuta watu waliokuwa watoto wake katika utawala. Walikuwa wamekua, wakaenda njia yao.

Kisha ndui ikaingia katika msafara. Tarehe 10 Desemba 1891 Emin alimwamuru Stuhlmann aondoke na wazima, yeye mwenyewe akabaki na wagonjwa. Macho yake yalikuwa karibu yamezimika. Ni tendo lililo gumu kulisema vibaya: mkubwa aliyebaki na waliokuwa wakioza kwa ndui, akawaruhusu wenye nguvu waokoke. Stuhlmann alifika Bukoba Februari 1892. Yule aliyewaacha mjane na watoto Neisse ndiye huyu huyu aliyekataa kuwaacha wagonjwa wa ndui porini. Wanadamu hawaingii vizuri katika safu mbili za wema na wabaya, na somo lisilosema hivyo halijamwona Emin.

Alipopata nafuu ya kutembea hakurudi Bukoba. Mwezi Machi 1892 alielekea magharibi, akaingia msitu wa Kongo. Huko, tarehe 23 Oktoba 1892, watu waliotumwa na mfanyabiashara mkubwa wa Kiarabu aliyeitwa Kibonge walimkamata akiwa mezani kwake na kumkata shingo. Alikuwa na miaka 52. Hakuna kaburi lake.

IJUMAA

Jifunze Zaidi

Shajara zake zilipatikana baadaye mikononi mwa wapiganaji wa Kongo, na Stuhlmann akazichapisha katika vitabu vikubwa. Zimejaa ndege, mvua, majina ya vijito na ya machifu.

Ferida alipelekwa Ujerumani, kwa shangazi yake Melanie, dada wa Emin. Alilelewa Neisse. Huo ndio mji ambamo mwaka 1875 baba yake aliingia na mjane na watoto wasio wake, akaondoka bila wao. Dada yule aliyekuwa ameona kaya nzima ikiachwa na kaka yake, sasa alimpokea mtoto wa kaka huyo, mtoto wa mama Mhabeshi, aliyezaliwa kwenye Nile na kupita Karagwe akibebwa. Alimfundisha Kijerumani na kumkalisha mezani. Wahaya wana heshima maalumu kwa shangazi, na wasomaji wa Bukoba hawatahitaji maelezo.

Soma tena 1 Sam. 2:12–26. Eli alikuwa mzee, mwenye kazi ya heshima, na watoto wake walikuwa karibu naye kila siku hekaluni Shilo. Angalia pia jinsi mtoto wa mama mwingine, Samweli, alivyokuwa akikua katika nyumba ile ile, na jinsi Hana alivyomletea kanzu ndogo kila mwaka, mwaka hadi mwaka, kadiri kimo chake kilivyoongezeka.

Maswali ya Kujadili:

1. Katika kundi lenu, jadilini hali ya mwanaume anayeposa akiwa na miaka 45 au 50. Ni mambo gani ya maisha yake ya zamani mchumba wake na wazee wa pande zote mbili wana haki ya kuyajua kabla ya ndoa? Je, mjane wa Hakki Pasha alikuwa na haki gani juu ya Emin?

2. Emin alibaki na wagonjwa wa ndui, lakini hakubaki na Ferida. Baba wa leo anawezaje kutambua kwamba kazi njema, hata ya kanisa, imechukua nafasi ya mtoto wake?

3. Shangazi wa Neisse alilea mtoto ambaye hakumzaa. Katika mitaa yenu ya Bukoba na Muleba, ni nani sasa anayelea mtoto wa ndugu aliyeondoka, na kundi lenu limemfikia kwa lipi Sabato hii?